Dada wa Seli

Sifa ikiingia mtaani, lazima ipitie kwanza kijiweni ikakorogwe. Asubuhi hiyo redio ilikuwa imetangaza kwamba daktari mmoja mtafiti, binti wa mtaa huohuo, atatunukiwa Jumamosi kwa kazi yake ya kupambana na saratani. Benchi la nje ya saluni, ndicho kijiwe chenyewe, likaombwa kutoa mtu wa kusema neno siku hiyo. Tabu ilianzia kwa mtangazaji, aliyesema dada huyo amemaliza ujana wake kwenye seli. Kinyozi, mwenye saluni, alimimina kahawa. Seli alizijua, zile za mwilini, ila alikuwa amemwahidi mkewe kufunga mdomo.

— Kwa hiyo tunamsifia mfungwa? aliuliza Breki, dereva mstaafu.

Spika, ambaye hajakosa jibu tangu azaliwe, alisema si mfungwa. Alijipeleka ndani mwenyewe kuwatibu waliofungwa. Breki akakumbuka redio ilisema seli hizo zinaongezeka ovyo na hazitaki kufa. Hapo Spika akapata pa kupandia. Hilo ni gereza la ajabu, akasema, vyumba vinaota vyenyewe, na dada kagundua dawa ya kuvibomoa bila kuangusha jengo zima.

Kinyozi alipaliwa. Katika upuuzi wote ule, Spika alikuwa amegonga mlemle. Hivyohivyo ndivyo walivyoelezwa hospitali, yeye na mkewe, walipoanza matibabu. Mtaa uliamini mke yuko kwa ndugu zake, kwa sababu mwenyewe hakutaka kuonewa huruma. Na leo ndiyo siku ya majibu. Amekataa hata kusindikizwa.

— Kinyozi, mbona kama umemeza wembe?

— Kahawa ya moto hii.

Mara mkewe akatokea kwenye kona, amekonda, kitambaa kichwani. Kinyozi alimtazama usoni asiambulie kitu. Breki alimpisha akae, akamlaumu shemeji kwa kupotea hivyo. Mke akanywa kahawa ya mumewe, akauliza wanabishania nini, wakamsimulia gereza lote mpaka vyumba vinavyoota.

— Haya. Huyo dada amemponya nani? Nitajieni mmoja tu.

Spika alifungua mdomo, akaufunga. Kinyozi jina alikuwa nalo ulimini, lakini ahadi ni ahadi.

Basi mkewe akafungua kitambaa. Nywele ndiyo kwanza zinachomoza.

— Mimi, alisema. Dawa niliyotundikiwa miezi yote hii imetokana na utafiti wake. Leo wamenipima, ugonjwa hawauoni tena. Jumamosi nitasema mimi.

Spika akauliza, kwa sauti ya upole ambayo hawajawahi kuisikia:

— Na nywele, shemeji, alikunyoa nani?

— Si huyu hapa! Alilia mpaka akanikata sikio. Kinyozi mzima!

Wakaangua kicheko, na Kinyozi akacheka nao, machozi yakimchuruzika, wala hakuyafuta.