Nani Acheze Sita Badala ya Lyamba

Kijiwe chetu kipo hatua chache kutoka stesheni ya Mpanda, pale ambapo treni ya Kaliua inafika na reli haina pengine pa kwenda. Mabenchi ni mataruma ya zamani yaliyolazwa juu ya mawe. Birika na jiko la mkaa ni vya Bernadetha, na kashata za karanga ni zake pia. Alhamisi moja ya mwezi wa nane, mwaka tisini na tano, nilifika pale mapema nikiwa na karatasi mfukoni. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi na nilikuwa kocha wa timu ya Stesheni, kwa hiyo kijiweni wananiita Ticha. Jumamosi tulikuwa na fainali ya kombe la wilaya dhidi ya Inyonga, wale waliotufunga nne bila mwaka uliotangulia. Majina yalitakiwa yafike ofisi ya mpira ya wilaya siku hiyohiyo, saa kumi jioni. Nilikuwa na majina kumi. Nafasi ya namba sita ilikuwa wazi.

Namba sita ndiye kiungo mkabaji, yule anayekaa mbele ya mabeki na kuzima hatari kabla haijafika golini. Kwa miaka tisa namba hiyo ilikuwa ya Lyamba, mpakia mizigo pale stesheni, Mpimbwe mpole asiye na maneno mengi. Jumapili, kwenye nusu fainali, aliruka kupiga kichwa akatua vibaya. Jumatatu goti lilikuwa kama papai. Daktari akasema wiki sita.

— Ticha, mbona unaitesa kalamu? Andika Ngusa, tunywe kahawa kwa amani.

Huyo ni mzee Telesfori, gadi mstaafu wa treni. Tunamwita Breki, ingawa kwenye mazungumzo hana.

— Ngusa gani? nikauliza, ingawa nilimjua.

— Kwani wako wangapi? Yule Msukuma wa Litapunga. Umeyaona mapaja yake? Yule anaswaga ng'ombe kutoka kwao mpaka hapa kwa miguu, akifika anauliza mazoezi saa ngapi. Dakika ya tano tu amtie buti namba kumi wa Inyonga, kazi kwisha. Wahenga walisema, asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

— Wahenga walikuwa wanamwonya mtoto mtukutu, akasema Dira. Siyo namba kumi wa Inyonga.

— Na namba kumi wa Inyonga ni mtukutu! Mwaka jana alitufunga matatu!

Dira jina lake Ponsian, ni fundi cherehani. Tulimpa jina hilo kwa sababu mpira ukipigwa popote, yeye anakuonyesha kwa kidole ulipotakiwa kwenda. Akaweka kikombe chini.

— Siku hizi namba sita siyo mtu wa mabuti, Breki. Ni mtu wa akili. Ticha, mchukue Respicius. Yule akipiga pasi unasikia kabisa, chwaa, kama mkasi kwenye kitambaa. Samaki mkunje angali mbichi.

— Samaki kaingiaje?

— Pasi! Pasi lazima ikunjwe mapema.

— Respicius huyohuyo? Mwaka jana aligongana na refa, akatolewa yeye kwa machela, refa akaendelea na mechi!

Tukacheka wote, hata Dira. Nikaandika Ngusa, nikafuta. Nikaandika Respicius, nikafuta. Karatasi ilianza kutoboka.

Bernadetha alikuwa anamimina. Kwa kawaida huwa anatusikiliza tu, lakini siku hiyo alikuwa na lake.

— Nyie wote mnasahau uwanja. Uwanja wenu umeinama kuelekea reli. Mpira ukiachiwa unateremka wenyewe. Tafuteni mtu wa Mwese. Kule milimani mtoto anajifunza kutembea kwenye mteremko. Uwanja ulioinama kwake ndio tambarare.

— Mama, Jumapili tumewatoa Mwese kwenye uwanja huohuo, Dira akasema.

— Kwa sababu walikuwa kumi na moja. Mmoja ndiyo dawa. Kumi na moja sumu.

Breki alilipenda hilo akalipeleka mbele zaidi.

— Basi tuweke sita wawili! Ngusa na yule mdogo wake. Wawili wakikaba, hata upepo haupiti. Au watatu. Watatu na mabeki wanne, saba. Na golikipa, nane.

— Na nani afunge?

— Kwani lazima tufunge? Bila bila, twende penalti. Haraka haraka haina baraka.

— Kama ni hivyo, mimi nasema tusiwe na namba sita kabisa, Dira akasema, na uso wake ulionyesha hatanii. Tuwaachie pale kati. Waingie wote. Wakishaingia wote, nyuma yao kutakuwa kutupu kama kanisa siku ya Jumatatu. Hapo tunatupa mpira mmoja mrefu kwa Method pale mbele, afunge.

— Kutupu kwao, na kwetu je? Breki akauliza.

— Kwetu tutakuwa tumeshazoea.

Mwisho wa benchi alikuwa amekaa kijana mmoja, shati limepigwa pasi, kikombe amekishika kwa mikono miwili. Aliitwa Celestin, karani mpya wa tiketi. Alishuka na treni ya Jumatatu kutoka Tabora, na hakumjua mtu yeyote kati yetu zaidi ya kumsalimia Bernadetha asubuhi. Akajikohoza.

— Samahani, wakubwa. Mimi mgeni. Huyo Lyamba mwenyewe, ameshaambiwa kwamba Jumamosi hachezi?

Breki akainamia kikombe chake. Dira akaanza kutafuta kitu kwenye mfuko wa shati. Bernadetha akanitazama mimi.

Jibu lilikuwa hapana, na wa kulaumiwa nilikuwa mimi. Jumanne nilikwenda nyumbani kwa Lyamba. Mkewe, Generosa, alikuwa anapepeta mchele uani. Akaniambia, "Yuko ndani, Ticha. Analikanda goti kwa maji ya chumvi. Anasema Jumamosi atakuwa fiti." Nikaomba maji ya kunywa. Nikayanywa, nikashukuru, nikaondoka. Jumatano nilifika kwenye kona yao, nikageuza baiskeli. Mtu aliyekuchezea miaka tisa bila kukosa mazoezi, utaanzia wapi?

— Hajaambiwa, nikasema. Naenda kumwambia sasa hivi.

Nikasimama. Breki akasema ningoje kwanza kahawa ipoe. Nikamwambia kahawa inywe wewe. Nikaivaa kofia yangu, na nilipogeuka kuelekea relini nikamwona Lyamba mwenyewe anakuja.

Alikuwa anatembea sawasawa. Sawasawa mno, kama mtu aliyebeba maji kichwani. Alipofika kwenye reli alisimama kidogo, akashika kitambaa cha suruali kwa mkono, akauinua mguu kwa kuuvuta, akauvusha. Wa pili ukafuata. Sisi wote tuliona, na yeye alijua tumeona.

— Shikamoo mzee Breki. Shikamoo Ticha.

— Marahaba, tukaitika.

Bernadetha akampisha kwenye kigoda chake. Lyamba akakaa, mguu mmoja ameunyoosha mbele. Hakugusa kahawa aliyopewa.

— Ticha, jina langu umeliandika?

— Hapana. Sikuliandika, Lyamba. Jumamosi huchezi. Ilikuwa nikuambie tangu Jumatatu. Nilikuja kwako, nikanywa maji, nikarudi. Nilikuogopa.

Niliyasema yote kwa pumzi moja. Lyamba akalipapasa goti lake.

— Goti liliniambia Jumapili ileile, akasema. Nilikuwa nangoja na wewe uniambie. Leo nikasema, ngoja niende nikaone kama Ticha ataniangalia usoni.

— Nakuangalia.

— Nakuona. Basi. Imekwisha hiyo.

Haikuwa imekwisha. Alikiegemeza kidevu kwenye ngumi, akakikandamiza. Kisha Lyamba akavuta pumzi, akanyoosha mkono.

— Lete karatasi. Mnamweka nani?

Wote wakaanza kusema kwa mpigo, Ngusa na Respicius, buti na akili, hata mtu wa Mwese. Lyamba akawaacha mpaka walipochoka.

— Mabeki wa pembeni ni walewale?

— Walewale, nikasema.

— Kwa hiyo wote wawili watapanda kushambulia, kama kawaida yao. Na Method pale mbele, anarudi kukaba?

— Method harudi hata akiitwa na mama yake, Dira akasema.

— Basi sita wetu lazima awe mtu wa kukaa. Mimi nilikuwa nakaa kwa sababu wengine hawakai. Timu nyingine ingekuwa na sita wa aina nyingine, lakini ya kwetu ndiyo hii. Respicius ana pasi nzuri, sikatai. Ila akishaipiga anaifuata, aone imefika wapi. Akiondoka pale, Inyonga wanapita.

— Si ndiyo nasema! Breki akapiga paja. Ngusa! Amtie buti...

— Na dakika ya ishirini yuko nje kwa kadi, tumebaki kumi. Hapana, mzee wangu. Ngusa huyo mnayemsema simtaki. Nataka Ngusa mwingine.

— Mdogo wake?

— Yeye mwenyewe. Nyie mmemwangalia mapaja tu. Mwezi wa sita walikuwa wanapakia ng'ombe kwenye mabehewa hapa stesheni, mimi nipo kazini. Ng'ombe wakashtuka. Watu wote wakaanza kukimbia na fimbo, kelele, vumbi, huyu kule, yule huku. Ngusa alisimama kwenye uwazi mmoja, kati ya behewa na uzio. Hatua mbili kulia, hatua mbili kushoto. Hakukimbia. Hakupiga ng'ombe hata mmoja. Na hakuna hata mmoja aliyepita kwake. Nikasema moyoni, huyu jamaa anacheza namba yangu.

Nikamtazama Dira. Dira akaitikia kwa kichwa polepole, akaashiria kwa kidole kwenye karatasi. Nikaandika Ngusa, na safari hii nikaandika kwa kukandamiza kalamu.

Ijumaa jioni Lyamba aliletwa uwanjani amekaa nyuma ya baiskeli ya Celestin. Tukampa kiti cha darasani, akakaa kwenye mstari wa pembeni. Ngusa akaja mbele yake, mikono nyuma, akainama kidogo kusalimia.

— Kaka, nimeambiwa nimpige namba kumi wao mapema.

— Nani kakuambia?

Ngusa akatazama chini kwa heshima. Breki, aliyekuwa amesimama karibu, akaona kitu cha muhimu sana upande wa reli.

— Ukimpiga, refa atampa mpira, Lyamba akamwambia. Wewe simama pale anapotaka kupita. Akiamua kwenda kwingine, ushamshinda. Kama siku ile ya mabehewa.

— Ile ya ng'ombe?

— Ileile.

Ngusa akacheka, mara ya kwanza kumwona anacheka. Wakafanya kazi mpaka mpira ukawa hauonekani vizuri, mmoja kwenye kiti, mwingine hatua mbili kulia, hatua mbili kushoto.

Jumamosi uwanja ulijaa mpaka watu wakapanda juu ya mabehewa. Inyonga walianza kwa kasi. Dakika ya ishirini Ngusa alisahau, akaufuata mpira mpaka pembeni, na nyuma yake namba kumi wao akapita peke yake, akapiga nguzo. Nilisikia moyo wangu ukigonga pamoja na ile nguzo. Lyamba hakupiga kelele. Aliinua kiganja tu, Ngusa akakiona, akarudi mahali pake. Baada ya hapo hakutoka tena. Namba kumi wa Inyonga akajaribu kati, akarudi. Akajaribu kulia, akarudi. Kipindi cha pili alianza kugombana na wenzake.

— Huyu Ngusa leo hachezi! Breki alilalamika karibu mechi nzima. Hajamgusa mtu hata mmoja!

— Ndiyo maana mpira haufiki golini kwetu, mzee, Celestin akamwambia.

Dakika ya sabini na kitu tukapata kona. Method akaifunga kwa kichwa. Ikabaki moja bila mpaka filimbi ya mwisho.

Watu waliingia uwanjani wote, wakambeba Method juu, Breki akiwa mbele yao anaimba. Mimi nilibaki pembeni na Lyamba. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta.

— Miaka tisa nimesimama pale katikati, Ticha, akasema. Sijawahi kuuona huu mpira wetu. Kumbe ni mzuri kuuangalia.

Nikamshika bega.

Ngusa alikuwa amepenya kwenye umati akaja upande wetu, jasho linamtiririka, hakwenda kule walikokuwa wanambeba Method. Akachuchumaa mbele ya kile kiti.

— Kaka, nilikosea wapi?

— Ile ya dakika ya ishirini unaijua mwenyewe?

— Naijua.

— Basi kaa chini, tuanze na zile usizozijua.