Mama Usingizi wa Chumba cha Mwisho

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, muuguzi mkuu wa afya ya akili katika hospitali ya kambi yetu anastaafu rasmi tarehe thelathini mwezi huu. Mimi ni mfamasia. Dirisha langu la dawa linatazamana na mlango wake, na nadhani ndiyo sababu jarida la kambi lilinipa kazi ya kuandika wasifu huu.

Makuruta ndio waliompa jina la Mama Usingizi. Kila aliyekuja kupimwa kabla ya kuapishwa alikutana na swali lilelile la kwanza: "Unalalaje?" Wengi walijibu kwa kujiamini kwamba wanalala fofofo. "Hata jana?" aliuliza. Wakisema ndiyo, alicheka. "Anayelala fofofo usiku wa kuamkia usaili, huyo ndiye ninayemwogopa."

Chumba chake ni cha mwisho kwenye korido, baada ya daktari wa meno. Askari waliomhitaji waliona aibu kukaa kwenye benchi lake, kwa hiyo walikaa kwenye benchi la jirani wakishika shavu, wakisubiri korido iwe tupu. Daktari wa meno alipolalamika kwamba anajaziwa watu wenye meno mazuri, Mama alimwomba awavumilie. Mama yake mzazi naye, kila akipiga simu, alimuuliza kama bado anawasikiliza vichaa. "Nawasikiliza watu, mama," alijibu, kisha akauliza habari za kuku.

Kazi hiyo ilimfanya mpweke. Aliyeonekana akiongea naye bwaloni alianza kusemwa kwamba kichwa chake hakiko sawa. Yeye mwenyewe naye alijiweka kando, maana askari aliyemweleza siri asubuhi akimwona anacheka na watu mchana, angeweza kudhani anachekwa yeye. Akala peke yake, meza ya karibu na sinki, miaka nenda miaka rudi. Nyumbani kwake, nyuma ya jiko la kambi, hakuwa na wa kumsimulia alichosikia kutwa. Na hata kama angekuwapo, asingemsimulia.

Wengi wanakumbuka kisa cha sajenti dereva. Lori lake lilisombwa na maji kwenye kivuko, wenzake wawili wakafa, yeye akatolewa hai. Miezi michache baadaye, sajenti akiwa lindoni, mpishi aliangusha sufuria kwa kishindo, naye sajenti akamwelekezea bunduki. Aliletwa chumba cha mwisho akiwa na hasira.

"Dada, mimi siumwi. Nipe vidonge vya usingizi nirudi zamu."

"Vidonge utapata. Bunduki, kwa sasa, hapana."

"Ukiandika hivyo umenizika mzima."

"Nisipoandika naweza kukuzika kweli, wewe au mpishi."

Bodi ya madaktari ilitaka kumwachisha jeshi kabisa. Mama alisimama mbele ya watu waliomzidi vyeo akasema, "Nimeandika hafai kushika silaha kwa sasa. Sikuandika hafai." Aliomba sajenti apelekwe karakana, atibiwe, kisha apimwe upya. Mwenyekiti alimuuliza nani atabeba lawama mambo yakiharibika. "Mimi," alisema. Wakakubali.

Hakushukuriwa. Sajenti alikunywa dawa na kuhudhuria matibabu yote kimya kimya, lakini nje ya chumba hakumsalimia. Mkewe alivuka barabara akimwona Mama anakuja. Kambini ikavuma kwamba Mama Usingizi anawapokonya wanaume bunduki zao.

Mwaka uliofuata koplo mmoja wa mawasiliano alijiua. Mama ndiye aliyempima, na kijana yule alikuwa amejibu kila swali vizuri. Uchunguzi haukumkuta Mama na kosa lolote. Hilo halikumsaidia. Aliacha kula, akaacha kufungua madirisha, na asubuhi moja hakuja kazini. Alipelekwa hospitali ya mji mwingine, akalazwa kwa sonona.

Aliporudi, mkuu wa kambi, kwa nia njema, alimshauri aseme alikuwa na malaria. Badala yake aliomba nafasi kwenye gwaride la Jumatatu. Alipanda jukwaani na sare yake ya uuguzi, ikiwa imemlegea mabegani kwa alivyokonda.

"Nilikuwa naumwa sonona. Nimetibiwa na bado natumia dawa. Leo nimerudi kazini. Asanteni."

Hakuna aliyepiga makofi. Hatukujua kama inafaa.

Wiki zilizofuata zilikuwa mbaya kuliko zote. Benchi lake lilibaki tupu, na la daktari wa meno pia. Maofisa wawili waliandika kutaka ahamishwe, wakidai mgonjwa hawezi kupima wagonjwa. Akaitwa mbele ya bodi ileile, safari hii akakaa kiti cha anayepimwa, akajibu maswali aliyozoea kuuliza. Bodi ikaamua kwamba anafaa kazi, mradi aendelee na matibabu. Alirudi chumbani kwake, akaacha mlango wazi, akasubiri. Kutoka dirishani kwangu nilimwona akisoma gazeti lilelile kutwa nzima.

Aliyekuja wa kwanza ni sajenti. Wakati huo alikuwa amepimwa upya na kurudishiwa silaha, na kwa utaratibu hakuwa na sababu ya kuja. Alikaa kwenye benchi la Mama, katikati kabisa, saa ambayo korido hujaa watu. Mwenzake mmoja akamuuliza kwa utani kama amepotea njia. "Sijapotea," alisema kwa sauti ya gwaride. "Namsubiri Mama." Walichoongea ndani hatukijui. Lakini wiki ileile walikuja wengine wawili, na baadaye wengi.

Leo askari wa kambi hii akijitokeza kutibiwa, bodi huangalia anachoweza kufanya kabla ya kuzungumzia kumwachisha. Wapo wanaoendesha magari, wanaopika, wanaoongoza vikosi, kwa sababu yake. Tungependa wasimame ukumbini siku ya kumuaga. Mama amekataa. Amesema asiitwe mtu yeyote kutoa ushuhuda, kwani walichomwambia ni chao. Tulipomuuliza ndugu wangapi tuwaandalie viti, alifikiri kidogo, akasema mama yake alishafariki, na hapana, hakuna mwingine.

Anahamia mji mdogo ambako hajulikani. Nilimuuliza atafanya nini huko. Alisema atajaribu kujifunza kuwasimulia watu mambo yake mwenyewe. "Sijazoea," alisema. "Nitaanza na majirani."

Mama, asante kwa kila uliyemrudisha kazini, na kwa kila uliyemzuia hadi wakati wake ulipofika. Nenda salama. Tunakuombea afya, na siku zenye watu ndani yake.