Karo ya Dushi mu Chumba cha Mama

Pale kona ya gereji, Buyenzi, pana kiti cha nyuma cha basi dogo lililokufa zamani. Miguu hakina, kimekalishwa juu ya rimu mbili, na katikati springi inachoma, ndiyo maana katikati huachiwa mgeni. Kila baada ya sala ya alasiri Sijaona, muuza kahawa, huleta birika la kahawa ya tangawizi na ndoo ya kusuuzia vikombe, na wenye kijiwe hukutana kutatua mambo ya dunia, ingawa dunia haijawahi kuwaomba. Siku hiyo jambo lilikuwa la Atumani, mshona nguo, naye hakuja kucheza. Mama yake alikuwa hospitali kule Kamenge, amevunjika nyonga baada ya kujikwaa kwenye shimo la sakafu ya sima, yaani saruji, chumbani mwake mwenyewe. Atumani alimwapia pale kitandani kwamba akirudi atakuta sakafu mpya. Mtu mwenye akili hapeleki kiapo cha namna hiyo kijiweni, lakini ndiyo hivyo, alikuja na karo mbili, vigae vya sakafu vya mfano, kutoka duka moja la mtaa wa Jabe, akazilaza juu ya kreti. Moja nyeupe, inawaka kama sahani ya harusi. Ya pili ya kijivu, ina vipele vipele, haina sura.

— Fundi anakuja kesho asubuhi, alisema. Mi ninataka neno moja tu. Hii ao hii?

— Ya kuwaka, bila kujiuliza! alijibu Faruk, fundi wa magari, anayeitwa Garanti kwa sababu kila gari analipatia garanti ya maisha, bila kusema maisha ya nani. Hii ukipiga leo, ata mujukuu wa mujukuu wako ataikuta vilevile.

— Gari ya Valéry, muteja wako, pia ulisema vile, alimkumbusha Sijaona akimimina kahawa. Haikufika ata ku kona.

— Gari iko na roho. Karo haina roho!

Sylvère alitoa mita mfukoni. Mita hiyo ndiyo iliyompa jina la Enjeniya; hajajenga hata banda la kuku. Akaipima karo nyeupe, akapima kikombe chake, akapima na goti lake, hakuna aliyejua kwa nini.

— Wazee walisema, chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Hii karo ilikuwa imekaa tu mu duka, haitembei. Sasa ni chema ao apana?

— Ni miye niliitembeza kutoka Jabe, alisema Atumani.

— Jabe! Garanti alishtuka. Na sima utanunua kulekule? Weee, angalia! Kuko sima yenye wanachanganya na unga wa muhogo. Unapiga sakafu, panya anakuja, anakula nyumba kuanzia chini.

— Sima si kitu, alisema Enjeniya. Ogopa muchanga. Usikubali muchanga wa ziwa, we! Muchanga wa ziwa unakumbuka maji. Unaona vile Tanganyika inapanda mu manyumba ya watu? Inafuata muchanga yake. Inatafuta watoto wake.

Hapo wote walikunywa kwanza.

— Basi achukue ya muto Ntahangwa, alisema Garanti.

— Ile inateremuka kutoka milima, alijibu Enjeniya. Inakumbuka milima. Chumba cha mama kitaota kilima.

Atumani aliwapenda watu hawa, lakini moyo ulianza kumchemka. Kesho fundi atasimama mlangoni na mwiko wake, je, amwambie mchanga una kumbukumbu?

— Jamani, neno moja!

Ndipo Xavier akaweka kikombe chini. Yeye ni mpokea wageni katika ofisi moja kule mtaa wa Kigobe, na jina lake la kijiweni ni hilohilo, Kigobe. Akisema, husema kama anayetangaza kikao.

— Nisikilize. Kwetu mu ofisi chini kunawaka, na mutu akiingia anapunguza sauti mwenyewe. Mama akirudi, avenue nzima itakuja kumupa pole. Hii ya vipele ni karo ya dushi, ya mahali watu wanaoga. Utakalisha wageni mu dushi?

Palimuuma. Siku mama alipobebwa, Atumani aliyaona macho ya majirani yakishuka polepole mpaka kwenye lile shimo, kisha yakimpandia yeye. Hakutaka tena mtu aingie kwa mama yake akaangalia chini namna ile.

Walipomwona amelainika, wakaongeza.

— Na umeme ukikatika, alisema Enjeniya, mushumaa mumoja unakuwa mishumaa mine.

— Mbu akijiona pale chini anakimbia, alisema Garanti. Na tena, maji yakimwagika hayazoleki, lakini juu ya karo hii yanazoleka. Unapitisha raklete tu, ule mpira wa kukausha!

Wakati huohuo kikombe chake, kilichokuwa juu ya karo nyeupe, kikateleza chenyewe. Akakidaka hewani.

— Mumeona? Ata kikombe kinacheza kwa furaha!

Walicheka mpaka kiti kikalia. Atumani alicheka kuliko wote.

— Basi. Ya kuwaka. Imekwisha.

Akanyanyua kikombe, na hapo akamwona Patricia anavuka barabara na termosi ya mama mkononi. Dada wa Patricia amelazwa kitanda cha jirani na mama, na kule wodini wamekuwa ndugu. Mmoja akisali rozari, mwingine anangojea amalize ndipo aombe chumvi.

— Daktari anasema mama anatoka kesho kutwa, kaka Atumani.

— Alhamdulillah! Karibu, dada, kaa.

Akakaa katikati, springi ikamchoma, akasogea. Akaiona karo nyeupe.

— Ya wapi hii?

— Ya chumba cha mama, alisema Atumani, na kifua kilimjaa.

— Iko muzuri kweli. Patricia aliipitishia kiganja. Mama anachukia vile munamuletea besani ya kutawaza kwa sala ku kitanda. Jana aliniambia: "Patricia, siku nitafika kwangu, nitatawaza mwenyewe ku robine ya maji ya uani, na nitaingia kwa miguu yangu." Sasa, mara tano kila siku, miguu iko na maji, anapita juu ya hii. Nani atakuwa anamushika mukono?

Garanti akageuka kuangalia gereji yake. Enjeniya akarudisha mita ndani, taratibu. Atumani naye alitafuta kichwani mtu wa kumshika mama mkono. Alfajiri, yeye mwenyewe. Adhuhuri yuko kwenye mashine. Na alasiri? Alasiri ndiyo hii, na yeye yuko hapa.

Akasimama. Akavua sandali, akatumbukiza mguu kwenye ndoo.

— Eh! Ndoo yangu ya vikombe! alipiga kelele Sijaona.

Hakumsikia. Aliweka karo nyeupe chini, akaikanyaga, akaegemea upande mmoja kama mtu mwenye nyonga mbovu. Mguu ukaondoka peke yake. Kama si Garanti kumkamata shati, nyumba moja ingekuwa na wagonjwa wawili. Akalowesha tena, akakanyaga ile ya kijivu. Akaegemea. Akasukuma kwa kisigino. Mguu ulibaki palepale. Akarudia, kwa hasira, na bado ulibaki.

Hakuna aliyemtaja panya wala mbu. Sijaona aliinamisha birika juu ya kikombe cha mgeni, likatoa tone moja na masimbi ya kahawa.

— Lakini watu watakuja, alisema Kigobe, safari hii kwa sauti ndogo. Watasema Atumani ametia dushi mu chumba cha mama yake.

Atumani alikuwa ameshavaa sandali. Karo zote mbili zilikuwa kwapani, ile ya kijivu mbele, na uso wake ulikuwa umeelekea Jabe kabla duka halijafungwa.

— Waseme. Wao watakuwa wamekaa. Mama atakuwa anatembea.