Saini za Sanduku la Kuku

— Milioni arobaini na mbili! — Wigati alibamiza birika mezani mpaka vikombe vikaruka. — Rupia milioni arobaini na mbili za chekechea, leo zimegeuka lango? Nani ananieleza?

Alikuwa akiliuliza benchi. Benchi lile halijawahi kukosa la kusema tangu liundwe. Ni benchi la mianzi nje ya kibanda chake cha kahawa, mkabala na ofisi ya kijiji cha Karangsuruh, na wenyewe ni watatu: Mbah ni babu, Pak ni bwana, Kang ni kaka. Mbah Redio, mzee mwenye habari zote hata ambazo hazijatokea. Pak Simiti, fundi mwashi, ambaye ukimwambia jino linakuuma atakushauri zege. Na Kang Komba, mgema wa minazi, ambaye hupanda minazi ishirini na tano kila alfajiri, na anachogema mkewe hukipika sukari. Asubuhi ile ofisi ilikuwa imetundika bango la bajeti, pana kama shuka. Wigati alilisoma mara tatu. “Paa la chekechea na posho ya mwalimu”: sifuri. Mstari wa chini yake, “lango la kijiji”: milioni arobaini na mbili.

— Kosa la mchapishaji hilo, — alisema Mbah Redio, akipuliza kahawa machicha yashuke. — Vijana wa kompyuta wale. Anabonyeza hapa, hela inatokea kule. Kuna kijiji waliandikiwa bata elfu tisa, wakaletewa kweli.

— Kijiji gani, Mbah?

— Siwezi kutaja. Wahenga walisema mficha uchi hazai.

— Sasa uchi na bata wapi na wapi? — Kang Komba alichukua kipande cha tempe ya moto, soya iliyochachushwa ikakaangwa. — Ishu iko wazi. Jirani zetu wamejenga lango lenye simba wawili. Mkuu wetu akipita pale roho inamuuma. Naye anataka chui.

— Chui wanne, — alisahihisha Pak Simiti. — Nimeona mchoro.

— Umeona mchoro! — Wigati alimgeukia. — Umeuona lini, Pak?

Pak Simiti akagundua kwamba kahawa yake inahitaji sukari zaidi.

Wigati hakuwa na muda wa chui. Paa la chekechea lilianguka mwezi wa pili, usiku, shukuru Mungu, na tangu siku hiyo binti yake Kenes, miaka mitatu, anashinda chini ya meza ya kahawa, hatua mbili kutoka kwenye jiko. Na mfukoni mwa aproni kulikuwa na barua kutoka mjini: nafasi ya kujifunza ushonaji, miezi mitatu, bure, na cheti mwishoni. Ajibu kabla ya Ijumaa. Watoto hawaruhusiwi darasani. Leo ni Jumatano.

— Mbak Wigati, dada yetu, tulia, — alisema Mbah Redio. — Haya mambo yana mizizi. Unajua kuna chombo angani kinapiga picha vijiji? Kijiji kisicho na lango hakionekani. Kisipoonekana, mwakani hakipewi hata senti. Kwa hiyo lango ndilo litakaloleta chekechea.

— Tena mbili, — alidakia Pak Simiti. — Na ndiyo maana wahenga walisema asiye na mwana aeleke jiwe. Maana yake jenga kwanza, watoto watafuata.

— Watoto wapo, Pak! Huyu hapa anakufungua kamba za viatu!

Kweli, Kenes alikuwa chini ya meza na kiatu cha kushoto cha fundi kilikuwa kimeshafunguka.

— Mimi nasema ni njama, — Kang Komba alishusha sauti. — Watoto wakisoma kuanzia wadogo hivi, nani atapanda minazi? Kuna wakubwa wa sukari wamekaa mahali, wanataka wagema wasiishe. Wametuma mtu. Huyo mtu amekuja kwenye mkutano, kakaa kimya, kafuta mstari.

— Mtu gani? — aliuliza Wigati.

— Mgeni. Mwenye miwani.

— Ulimwona?

— Hao hawaonekani, dada'ngu.

— Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, — alisema Mbah Redio kwa masikitiko.

— Mbah, mimi nagema sukari! Sigemi ulevi, na hakuna aliyenisifu!

Wigati alivuta pumzi. Hasira yake ni ya karibu, kila mtu kijijini anajua, lakini leo aliishika mkononi kama kisu cha kukatia vitunguu: taratibu, ikate.

— Haya. Tuache chombo cha angani. Mkutano wa mipango ulikuwa Alhamisi ile. Nani kati yenu alikwenda?

Watatu waliangaliana. Walikwenda wote.

— Na mambo ya chekechea yalisemwa saa ngapi?

— Hapo sasa, — alisema Mbah Redio. — Baada ya sanduku.

— Sanduku lipi?

— La chakula. Paja la kuku, yai, na kile kinywaji cha kikombe. Unasaini mlangoni, unapewa sanduku. Mimi langu nikampelekea mke wangu lingali la moto. Kuku akipoa anakuwa kama mpira.

— Na wewe, Kang?

— Mnazi haungoji. Nilisaini, nikapewa, nikaondoka.

— Pak Simiti?

— Nilikaa kidogo, — alisema fundi. — Dakika kumi.

— Mpaka mchoro wa lango.

— Mpaka mchoro.

— Basi hakuna mwenye miwani, — alisema Wigati. — Karatasi mliyosaini kuchukua kuku ndiyo iliyobandikwa nyuma ya maazimio. Sitini mlisaini, sitini mmekubali lango. Na mnajua kuku huyo alikaangwa na nani? Mimi na wanawake kumi na mmoja, jikoni nyuma ya ukumbi, tangu saa kumi alfajiri. Barua za mwaliko tulipewa, tena zenye mhuri. Tukapewa na sufuria.

Hapo Kang Komba akaacha kutafuna.

Pikipiki ilisimama. Akashuka binti mmoja mwenye shungi la bluu na begi lililojaa karatasi, akaomba kahawa isiyo na sukari nyingi. Alikuwa Mbak Titis, ofisa wa tarafa anayezunguka vijijini kukusanya fomu za marekebisho kabla bajeti haijafungwa.

— Bado yanarekebishika? — Wigati aliuliza haraka.

— Mpaka kesho jioni, Bu Wigati. Nahitaji watatu waliosaini mkutanoni waombe upya. Na kuna kisanduku kimoja hapa kijiji chenu mmekiacha kitupu. — Akafunua fomu, akaligeukia benchi kwa heshima zote. — Samahani wazee wangu. Watoto wa chini ya miaka sita hapa ni wangapi?

Mbah Redio alipuliza kahawa iliyokwisha kupoa.

— Wengi, — alisema Mbah Redio.

— Naandika wengi?

— Andika arobaini, — alisema Pak Simiti. — Au mia. Zege halijali.

Mbah Redio alikuwa akijua chui wa lango watakuwa na meno mangapi. Watoto hakuwajua.

— Thelathini na mmoja, — alisema Wigati. Hakutazama popote pa kusoma. Kila mwezi yeye ndiye huwapima uzito uwanjani, kwa mizani ya kuning'inia, mmoja mmoja. — Kumi na mmoja hubaki na bibi zao. Kumi huenda mashambani mgongoni mwa mama. Wanane hufungiwa ndani pamoja na kaka au dada wa miaka saba. Huyu wangu yuko chini ya meza. Na mmoja, Kang Komba?

Kang Komba aliangalia mikono yake yenye sugu.

— Mjukuu wangu, — alisema. — Mama yake yuko ng'ambo kazini. Namfunga kwa kitambaa chini ya mnazi. Nikiwa juu naimba, ili ajue nipo.

Hakuna aliyeleta methali.

— Lete kalamu, Mbak, — alisema Kang Komba, akasaini huku ulimi umetoka pembeni. Mbah Redio akafuata, akaomba iandikwe kwamba wazo lilikuwa lake.

Kalamu ikafika kwa Pak Simiti, ikakaa mbele yake.

— Mbak Wigati, nikwambie ukweli, — alisema. — Paa ni kazi ya siku nne. Lango ni miezi miwili. Na mimi nina madirisha sita niliyowafungia watu na hawajanilipa.

— Huo ndio ukweli wa kwanza kusemwa hapa tangu asubuhi. Nami nakujibu kwa ukweli. Paa likishaisha kuna sakafu, kuna choo cha watoto, kuna ukuta wa kisima. Utapata kazi ya wiki tano. Chui hata mmoja hutachonga.

— Wiki tano si nane.

— Si nane.

Mbak Titis alikunywa kahawa yake pole pole, akitazama barabara. Pak Simiti alihesabu kitu kwenye vidole, akaanza upya. Wigati alimchukua Kenes kutoka chini ya meza, akampakata, akaisogeza fomu karibu na mkono wa fundi.

— Umebaki wewe, Pak Simiti. Nipe saini.