Historia ya Rosa Kasimiri na Mita Iliyozunguka Bila Waya

Tumsifu Yesu Kristo. Ndugu waombolezaji, mimi ni Agustino, mtoto wa mjomba wa marehemu, dereva wa malori niliyekula ugali wa nchi nyingi, na kabla sijaanza naomba radhi kwa yaliyotokea jana gulioni, kwani niliposhuka kwenye lori la kabichi niliona turubai, viti na watu wameinamisha vichwa, nikatupa begi, nikajiangusha chini na kulia kwa sauti, Dada Rosa umeniacha na nani, mpaka kijana mwenye fulana ya kampuni ya umeme akaniinua na kuniuliza, “Pole mzee, umekatiwa lini?” Lilikuwa turubai la kuandikisha wateja wapya. Mnaocheka chekeni, na yeye angecheka kuliko ninyi.

Marehemu Rosa Kasimiri alizaliwa hapa Mgeta tarehe 14 Agosti 1956, akafuatiwa na mdogo wake Semeni tuliyenaye hapa, akasoma shule ya msingi ya misheni na kumaliza darasa la saba mwaka 1971, na tangu hapo kazi yake ilikuwa kupanga karoti na kabichi kwenye matenga ya kwenda Dar es Salaam, na madereva wenzangu ni mashahidi, tenga la Rosa halikuwa na majani matupu chini.

Tarehe 7 Oktoba 1978 alifunga ndoa na Anselmi, seremala kutoka Matombo, aliyetangulia mwaka 1999, wakajaliwa watoto wawili, Joyce anayeishi Mafiga, na Furaha, aliyetutoka Juni 1991 akiwa na miaka sita, koroboi ilipoangukia godoro alilolalia. Kuanzia hapo koroboi haikuingia tena katika nyumba ile, jua likizama walilala, na mgeni aliyekuja na ya kwake aliiacha nje.

Sheria ilipowaruhusu watu binafsi kuuza umeme, na kampuni hii ikaanza mwaka 2009 kutuuzia wa maporomoko yetu wenyewe, Dada Rosa alikuwa wa kwanza kufungiwa mita, ile ya kisahani kinachozunguka, ukutani mwa chumba alichokuwa akilala Furaha. Haukupita muda Semeni akaona kisahani kinazunguka taa zote zikiwa zimezimwa, wakashusha swichi kuu, kikazunguka, umeme ukakatika mlima mzima, kikazunguka, polepole, kama mtu anayetembea na hataki asikike. Stefano, msoma mita wa kampuni, alikiona mara moja tu, na tangu siku ile hakuvuka kizingiti, alisimama uani, akaitazama nyumba na kukadiria matumizi. Dada Rosa akamwambia, “Kama kuna mwingine humu anatumia umeme, muandikisheni naye awe mteja, bili yake mpelekeeni mwenyewe.”

Hapo ukoo ukaingilia kati, wazee wakasema ni mtoto anataka kukumbukwa, na Agosti 2012 wakafanya tambiko pale pale kwenye mita, wakanyunyiza unga wa mtama na maji, Baba Paroko utusamehe. Kisahani kikaongeza mwendo. Kampuni ilipoukuta unga kwenye lakiri ya kufungia mita ilisema mteja amechezea mita, na siku hiyo hiyo, bila taarifa, bila kumsikiliza, ikakata waya na kuuviringisha kwenye nguzo. Wakamwambia akikiri kosa watamrudishia. Akakataa, akapeleka malalamiko kwa mamlaka inayosimamia wauza umeme, akidai mambo mawili kwa ajili ya kila nyumba ya mlima huu, kwamba asikatiwe mtu kabla ya kupewa taarifa na kusikilizwa, na kwamba mita ipimwe na mtu asiyeuza umeme, maana aliyekukatia umeme hawezi pia kuwa ndiye anayekupimia. Shauri litasikilizwa Jumatano ijayo, na likifutwa, ninyi nyote mtakatiwa vivyo hivyo.

Mwezi Januari mwaka huu wa 2013 alipata kiharusi, akapelekwa hospitali mjini Morogoro, akauguzwa na Joyce, na Jumapili tarehe 3 Machi, saa saba mchana, akafariki. Joyce alipopiga simu Semeni alikuwa amesimama mbele ya mita, katika nyumba isiyo na waya tangu Agosti, kwa sababu kisahani kilichokuwa kimesimama tangu waya ukatwe kilikuwa kimeanza kuzunguka, kurudi nyuma. Jana nilimwambia Semeni ni machozi yanamdanganya, mimi nimevuka mipaka mingi sidanganyiki, akanifungulia mlango, nikaingia, nikatoka bila viatu. Bado vimo. Aliyeviona avichukue, sirudi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani mliobeba jeneza kwenye njia hii ya mteremko na utelezi, wapanga matenga wenzake mlioacha kazi siku ya soko, na Stefano, ambaye leo amefika mpaka kizingitini.

Dada Rosa, lala salama palipo na mwanga usiozimwa na mtu, na umbusu Furaha kwa niaba yetu.

Mwisho, Bwana Innocent, mwakilishi wa kampuni, tunakushukuru kwa rambirambi, na kwa kuwa asubuhi ulituuliza mlangoni kama, mlalamikaji akiwa amefariki, malalamiko nayo tunayazika leo ili waya urudishwe bila kelele, familia imeniagiza nikusomee jibu la Semeni kama alivyolitoa, bila kuongeza sukari.

“Mwambie kaburi tumechimba la mtu mmoja tu, na Jumatano nakwenda mimi.”