Mashine Iliyomfungua Vidole Polikarp

Kijiwe cha kahawa cha Majengo, hapa Songea, kiko mbele ya duka la vitambaa. Polikarp hukaa kona ya benchi, mkono wake wa kulia ukilala pajani kama mzigo wa mtu mwingine. Alikuwa fundi cherehani mpaka kiharusi kilipomwangusha. Baadaye watafiti walileta hospitalini roboti ya bei nafuu, mfano wa glavu yenye nyaya, ikawa inamfungua vidole taratibu. Akafikia kushika mkasi. Mara mradi ukaisha, roboti ikarudishwa kwenye maboksi, ikaondoka. Vidole navyo vikaanza kujikunja upya. Leo kikombe kimemponyoka, kahawa yote imemwagikia suruali.

— Ile mashine imeuzwa Msumbiji, alisema Hironimus, bodaboda wanayemwita Injini.

— Wapi! akadakia Muhsini, muuza korosho wa Tunduru, jina la kijiweni Profesa. Ile ilikuja kunyonya ufundi. Saa hizi kuna roboti huko Ulaya linashona suti kwa mkono wa Polikarp!

— Ndiyo maana wa kwake umeishiwa nguvu? aliuliza Injini.

— Si zimehamishwa kwa mtandao! Lakini usijali, ndugu yangu. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Polikarp aliutazama mkono. Ulimi nao ulikuwa mzito.

— Koleo... ndiyo hii.

Injini akachukua kikombe kingine, akamnywesha. Polikarp aliona haya, ila akanywa.

Hapo akafika mama mmoja, kanga imejaa vumbi.

— Shikamooni, baba zangu.

— Marahaba.

— Naitwa Fortunata, natoka Lusewa. Mume wangu amepigwa na kiharusi, nimemwacha wodini. Nimesikia hapa kuna mzee alifunguliwa vidole na mashine. Iko wapi, nimpeleke?

Injini akainamia kahawa yake.

— Wameichukua, alisema Polikarp.

Fortunata alikaa chini pale pale. Polikarp akamsogezea mkono wake mbovu, na kwa ule wa kushoto akamwonyesha: kidole gumba kwanza, kikinyooshwa polepole, kisha vingine. Uso ulimkunjamana kwa maumivu.

— Hivi. Kila... siku.

Fortunata akajaribu kwenye mkono huo huo. Kidole kilinyooka, alipokiachia kikarudi.

— Mpaka lini, baba?

Polikarp akakishika tena kidole gumba, akaanza kukinyoosha upya.