Aliyewaandikia Marehemu Wetu

Bi Deodata Ndikuriyo anastaafu tarehe 30 Juni 2025, baada ya miaka thelathini na minne katika ofisi ya parokia yetu. Kuandika nilimfundisha mimi.

Basi, si kweli. Karatasi hii ataisoma mwenyewe, bora nitubu mapema. Mimi Anatory, mpiga kengele, niliishia darasa la nne. Hata barua ya kuomba kazi hii aliniandikia yeye.

Aliajiriwa kwa ajili ya vyeti vya ubatizo na ndoa, lakini sisi tunamjua kwa wasifu wa marehemu. Katika mazishi yote, kuanzia hapa hadi Murusagamba, kilichosomwa kaburini kilitoka mkononi mwake. Na uongo hakuandika. Wajane walimletea kuku ili amsafishie marehemu jina, naye akawarudishia: "Mama, mumeo tutafufuka naye. Siku hiyo nitamtazama vipi usoni?" Sisi wengine imani hiyo tunaikiri Jumapili na kuiacha getini. Yeye aliandika nayo.

Alipofariki Nzeyimana, mwizi wa mbuzi, ndugu zake walitaka azikwe bila kusomewa neno. Deodata akakataa. Alisema Mungu hajaumba mtu wa kukosa hata mstari mmoja mzuri. Mvua ilikuwa imeharibu barabara. Nikamsukumia baiskeli kwenye tope siku nzima, nyumba kwa nyumba, huku nikinung'unika, yeye akitafuta huo mstari. Jioni bibi mmoja kipofu, Koleta, akatuambia kuwa kila asubuhi kuna mtu alikuwa akimwachia ndoo ya maji mlangoni. Hasemi kitu, ila ananuka mbuzi.

Kaburini Deodata alisoma yote mawili, mbuzi na maji. Walioibiwa ndio waliotangulia kulia.

Sasa anahamia Biharamulo kwa binti yake Kezia. Mama Kezia, asante. Huko uendako migomba ikuzalie, magoti yasikusumbue, na wajukuu wakuachie japo kalamu moja.

Ila siku ile ya tope uliniahidi wasifu wangu. Anayekuja kushika nafasi yako ana kompyuta. Ataandika kwamba nilipendwa na wote. Niandikie wewe, kabla gari halijaondoka. Iweke na ile siku niliyopiga kengele ya saa sita ikiwa saa tano, kwa sababu ya njaa, watu wakaacha majembe wakarudi nyumbani. Halafu nitafutie na mimi ule mstari mmoja. Nimeutafuta mwenyewe, sijauona.